Jirani Aliyecheza Tabibu

Jirani yangu alinigongea mlango Jumapili moja saa tisa alasiri kwa sababu alisikia watu watatu wakigombana chumbani kwangu, na alijua naishi peke yangu.

Nilifungua. Alikuwa amesimama na fimbo yake, macho yameelekea begani kwangu badala ya usoni, maana yalikuwa yameanza kufunikwa na ukungu. Alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, Msamia mwenye mabega mapana. Tulikuwa tumepakana ukuta kwa miezi minane kwenye ploti ile ya vyumba vya kupanga Busia, upande wa Uganda, bila kuambiana zaidi ya salamu.

"Kijana wangu," alisema, "nasikia watu tatu. Moja ni mwanamke. Anasema atachoma daraja. Wako wapi?"

"Hakuna mtu, Mzee. Ni mimi."

"Wewe peke yako?"

"Mimi peke yangu."

Nilijua anautafutia ugonjwa wangu jina. Nikaona heri kuaibika kwa kumweleza kuliko kuiacha habari itembee mlango hadi mlango, nikamwambia aingie.

Mezani palikuwa na daftari, penseli na dadu saba za maumbo mbalimbali. Nilimwekea mkononi ile kubwa yenye nyuso ishirini, akaigeuza kwa kidole gumba kama mtu anayechagua mbegu. Nikamweleza. Ni mchezo wa hadithi, nilisema. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi: anasema hapa kuna mto, pale kuna mlango, ndani kuna zimwi. Wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, askari au mchawi au mwizi, naye anasema mtu wake anafanya nini. Pale ambapo hakuna anayejua kama jambo litafaulu, mnarusha dadu. Hakuna kamari ndani yake. Ni kisa ambacho hakuna aliyekaa mezani anayejua mwisho wake.

"Na wewe leo ulikuwa nani?" aliuliza.

"Wote."

"Hiyo ni kazi," alisema, akanirudishia dadu.

Mchezo huo nilijifunza Nairobi, nilipokuwa karani kwenye ghala la bidhaa. Mwenzangu wa kazini alinialika Jumamosi moja, nikaenda kwa ajili ya chakula tu, nikabaki miaka minne. Tulikuwa watano. Sikumbuki vizuri majoka tuliyoyaua. Nakumbuka jinsi watu wanne walivyokuwa wakinitazama na kungoja niseme nitafanya nini, kana kwamba jibu langu lingebadilisha kitu. Na lilibadilisha.

Kisha baba akaugua. Nilirudi kwetu Kisoko kumwuguza kwa sababu dada zangu walikuwa wameolewa mbali na mama alishatangulia. Nilimgeuza kitandani, nikamlisha uji kwa kijiko, nikapalilia mtama wake nisije nikasahau kwamba kulikuwa na dunia nje ya chumba kile. Alikufa wakati wa mavuno. Wiki chache baada ya matanga, wale wanne wa Nairobi walinitumia picha ya meza yetu, kwa upendo tu, kunionyesha kwamba wananikumbuka. Kwenye kiti changu alikaa mtu mwingine, anacheka. Sikuwalaumu. Kiti hakiwezi kukaa wazi miaka miwili. Lakini tangu siku ile nilijua sina pa kurudi, nikatafuta kazi mpakani kwenye kampuni ndogo inayoshughulikia karatasi za forodha.

Kazi ile ni ya kuongea kutwa. Madereva wanauliza karatasi zao zimefika wapi, mabosi wanapiga simu kutoka Kampala na Mombasa, maafisa wanataka hati hii na ile. Jioni kinywa kinauma, na bado hujaongea na mtu. Ndipo nikaanza kucheza peke yangu kila Jumapili. Niliandika kisa, nikarusha dadu, nikawasemea wahusika wote kwa sauti zao ili chumba kisiwe kimya. Ubaya wa kucheza peke yako ni kwamba hakuna anayekushtua. Dadu inakupa namba, basi. Haiwezi kukuuliza swali.

Juma lililofuata jirani aligonga tena, saa ile ile, na kiti chake cha plastiki mkononi.

"Nipe mtu wangu," alisema.

Wawili hawatoshi, kwa hiyo nikatafuta wengine. Upande wa Kenya kulikuwa na fundi wa simu, msichana wa miaka ishirini na kitu, mwenye kibanda kidogo na vidole ambavyo havikutulia. Nilipompelekea simu yangu, dadu mbili zilianguka kutoka mfukoni mwangu, akaziokota na kuuliza maswali mpaka nikamaliza kueleza kila kitu. "Sawa, nakuja," alisema. "Nikiboeka naenda." Wa mwisho alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Mukuju ambaye wikendi alishinda kwa dada yake hapa Busia. Alikuwa mpole, mnyoofu wa mgongo, na aliposikia kwamba mchezo una kitabu cha kanuni aliomba akiazime. Wiki moja baadaye alizijua kanuni kuliko mimi.

Tulicheza chumbani kwangu, mlango wazi na pazia limefungwa fundo, ili ploti isipate la kusema kuhusu msichana kuingia kwa mwanamume.

Siku ya kwanza nilikuwa na kurasa arobaini. Nilikuwa nimeandika kila kitu: kasri juu ya mlima wa theluji, mfalme mgonjwa, waziri msaliti, hata maneno ambayo waziri angesema akifumaniwa. Nikasoma. Fundi aliposema anataka kupitia dirishani, nikamwambia dirisha lina vyuma, kwa sababu kwenye kurasa zangu waliingia kwa mlango. Mwalimu alipotaka kuongea na mlinzi, mlinzi hakujibu, kwa sababu sikuwa nimemwandikia maneno. Nikasoma tena. Kwenye ukurasa wa kumi na tatu nikasikia mkoromo. Mzee alikuwa amelala, kidevu kifuani, mikono juu ya fimbo.

Fundi aliweka penseli chini. "Ndugu yangu, umetuita utusomee. Sasa mimi niko hapa kufanya nini?"

Nilisema tupumzike, nikamimina chai, tukaongea mambo ya mvua mpaka wakaaga. Baada ya kuondoka kwao nilikaa na zile kurasa arobaini nikazisoma kimoyomoyo. Hazikuwa mbaya. Zilikuwa kisa cha mtu aliyekaa peke yake muda mrefu, amezoea kuwajibia watu wote.

Kesho yake asubuhi nilimkuta Mzee akinawa uso bombani, nikamwomba radhi kwa kumchosha.

"Mimi ndiyo nililala," alisema. "Lakini sikiliza. Kwenye lori, mtu ukimweka katikati, hakuna dirisha, analala hata kabla ya Iganga. Ukimpa dirisha anaangalia, anauliza, hii ni kijiji gani, yule anauza nini. Anafika bila usingizi. Sisi ulituweka katikati."

Nilizitia zile kurasa kwenye jiko la mkaa. Jumapili iliyofuata nilikuja na ukurasa mmoja. Niliacha milima ya theluji ambayo hata mimi sijawahi kuiona. Niliweka nchi yenye mto wa mafunjo, njia ya misafara, na mwamba mmoja mkubwa uliosimama peke yake katikati ya mashamba. Sikuhitaji kuueleza sana. Ukipanda kidogo siku isiyo na vumbi unauona mwamba wa Tororo, na kila mmoja wetu tangu utotoni alishajiuliza ndani yake mna nini. Nikasema tu kwamba ndani ya mwamba kuna mlango. Kisha nikamgeukia kila mmoja na maswali mawili: mtu wako anatoka wapi, na anamwogopa nani?

Fundi alikuwa mwizi, mfungua makufuli, akimwogopa mama yake mzazi. Mwalimu alikuwa askari wa mfalme ambaye hajawahi kuvunja amri, na alimwogopa mfalme. Mzee alifikiri kwa muda mrefu, akipapasa kishikio cha fimbo.

"Mimi nataka kuwa mwanamke," alisema. "Mwanamke anatibu watu."

Fundi alicheka. Mzee hakucheka, na fundi akaacha.

"Tabibu," nikasema. "Anamwogopa nani?"

"Haogopi mtu. Anaogopa kuchelewa."

Nikaandika hivyo kwenye karatasi yake, kwa herufi kubwa ingawa hangeweza kuzisoma.

Mambo yakaanza kwenda. Nilijifunza polepole, na mengi nilijifunza kwa kukosea. Nilijifunza kwamba ukiuliza "Unafanya nini?" lazima ufunge mdomo na kusubiri, hata kama kimya kinakuuma, kwa maana mtu mpole kama mwalimu huhitaji kimya kirefu kabla ya kusema jambo lake zuri. Nilijifunza kwamba fundi akibuni kitu, kwa mfano rafiki wa zamani anayeishi kando ya mto, nisiseme hayupo. Niseme ndiyo, yupo, na ana kinyongo nawe. Sauti mbalimbali nilizozifanyia mazoezi miezi yote ile hazikuwa na kazi kubwa. Walichotaka ni kuona kwamba walichofanya juma lililopita kimeacha alama. Wakivunja ua wa mtu, basi wakirudi wamkute mtu huyo anajenga ua mwingine na hataki kuwasalimia.

Lakini nitasema na hili, kwa kuwa ni kweli: yule anayesimulia hukaa kidogo nje ya wenzake. Wao watatu walikuwa pamoja mbele ya mlango. Mimi nilikuwa ng'ambo, na zimwi. Walipopanga mambo walinong'onezana ili nisisikie, na mimi nilijifanya sisikii, nikatazama nje ambapo nguo za majirani zilikuwa zimeanikwa. Nilifurahi kuwasikia wananong'ona chumbani kwangu. Na bado nilikuwa nje.

Basi ikafika ile Jumapili ya mfinyanzi.

Walikuwa wamefika kijiji cha kando ya kinamasi, na mimi nilikuwa nimemweka pale mama mmoja mfinyanzi awaelekeze njia ya mwambani. Alikuwa na kazi hiyo moja tu. Ili asiwe mtupu kabisa nilisema amelala mkekani, anatetemeka.

"Huyo mama ana nini?" Mzee aliuliza.

"Ana homa. Anawaambia mlango uko upande wa machweo, chini ya—"

"Tangu lini?"

Sikuwa nimefikiria. "Tangu siku nne."

"Na watu wake?"

"Wameenda sokoni mbali. Hawajarudi."

"Basi sisi hatuendi," alisema.

Fundi alisema lakini mlango uko karibu, tumekuja kote huku kwa ajili ya mlango. Mzee hakubishana. Aliuliza hapo kijijini kunaota majani gani. Nikataja mwarobaini, mshubiri na mengine niliyoyajua kwa bibi yangu. Akasema mtu wake anachemsha maji. Akaniuliza chungu kiko wapi, kuni ziko wapi, kama paa linavuja. Nikajibu. Fundi, ambaye alikuwa amenuna, akauliza kama kuna nyumba yenye blanketi, akaenda kuliiba, na akafungua kufuli kwa ustadi mkubwa kwa ajili ya blanketi moja. Mwalimu akamweka askari wake mlangoni azuie mbuzi wasiingie. Saa nzima ikapita hivyo, bila upanga hata mmoja kuchomolewa, na ndiyo saa bora niliyowahi kuiongoza. Nilichofanya ni kujibu maswali tu.

Mwishowe ilibidi tujue. Nilisema arushe dadu kubwa: kumi na tano na zaidi, mama atapona.

Mzee aliichanganya mikononi, akairusha. Kwa kuwa macho yake hayakuweza kusoma namba, na mimi nilikaa karibu naye, kazi ya kumsomea ilikuwa yangu. Dadu iligonga kikombe ikasimama. Ilikuwa tatu.

Nilimtazama usoni. Alikuwa ameinama mbele, mdomo wazi kidogo.

"Kumi na saba," nikasema. "Mama anafungua macho."

Nje mtu alikuwa akisugua sufuria kwa mchanga. Mzee aligeuza kichwa, kwanza upande wa fundi, kisha upande wa mwalimu.

"Mbona mmenyamaza?" aliuliza. "Mama amepona, mnanyamaza?"

Fundi alitazama kucha zake.

"Mwalimu," Mzee alisema. "Soma."

Mwalimu alinitazama kama anayeomba ruhusa. Sikuweza kumpa wala kumnyima.

"Ni tatu, Mzee," alisema.

Mzee aliegemea nyuma. Kiti cha plastiki kililia. Alipoongea hakupandisha sauti.

"Wewe umenidanganya mara moja. Sasa hata zile nilishinda, sijui kama nilishinda."

"Samahani, Mzee. Niliona—"

"Uliona mimi ni kipofu."

Nilitamani ardhi inimeze. Akaendelea, na sasa hakuwa akiniambia mimi peke yangu.

"Mimi nilikuwa na lori, tumefungiwa mpakani kule juu, foleni siku kumi na moja. Mke yangu alikuwa mgonjwa hapa. Napiga simu, wananiambia anaendelea vizuri. Kesho napiga, anaendelea vizuri. Siku nne wanasema hivyo. Nanunua kitenge, nanunua sabuni ya harufu. Nafika nyumbani nakuta udongo mbichi. Wanasema hatukutaka uendeshe gari na huzuni. Mimi siku nne nacheka na wenzangu kwenye foleni, na yeye yuko chini."

Fundi alikuwa ameweka mkono mdomoni. Mwalimu aliitazama meza.

"Rudi pale," Mzee akaniambia. "Ni tatu. Mama anafanya nini?"

"Anakufa, Mzee."

"Sasa hivi?"

"Alfajiri."

"Basi bado nina muda. Nakaa na yeye. Naruhusiwa kukaa?"

"Unaruhusiwa."

Akakaa. Simaanishi alikuwa kimya: alisimulia. Alisema tabibu wake anamwosha mama yule miguu kwa maji ya vuguvugu. Anamwambia nani amepita njiani leo, na mvua imeonekana upande gani, na vyungu vyake vitano vimekauka vizuri bila ufa. Anamshika mkono, na mkono ni mgumu kwa sababu ya udongo. Alisema hayo taratibu, akiacha nafasi, na katika nafasi zile nilijikuta namsemea mama yule maneno mawili matatu, nikisema kwa sauti yangu mwenyewe. Alipouliza, "Imekuwa alfajiri?" nikasema, "Imekuwa." Akasema anamfunika na lile blanketi. Kisha akachukua fimbo na kiti chake akaenda kwake, na tukasikia mlango wa pili ukifungwa.

Jumapili iliyofuata hakuja. Na ile ya pili. Nilisikia redio yake ukutani, na kikohozi chake, na mara moja nilimsikia akisimama nje ya mlango wangu na kuondoka. Nilikuwa nimempata mtu mmoja wa kuongea naye katika mji mzima, na nilikuwa nimemfanyia kile kile walichomfanyia ndugu zake. Juma la tatu nikajikaza, nikagonga.

"Nilidhani umenikasirikia, Mzee."

"Nilichoka tu," alisema. "Ingia. Kuna chai." Na baada ya kunywa nusu kikombe: "Ile kitu sikuwahi kuifanya. Kukaa na yeye. Sasa nimeifanya kidogo."

Safari hii sikuongeza neno la kumfariji, nilimwongezea chai tu.

Aliporudi mezani tuliweka sheria moja mpya, na mwalimu aliipenda kupita kiasi: dadu zote zinarushwa katikati ya meza, na mwalimu ndiye anayezisoma kwa sauti, za adui na za rafiki. Sikuficha tena kitu nyuma ya jalada la faili, kama nilivyokuwa nikificha dadu za maadui. Mara nyingi mashujaa wangu walipata vidonda, na mara moja mwizi wa fundi alikaribia kuzama kinamasini, naye akaja juma lililofuata mapema kuliko wote. Kwa miezi sita sikuwahi kuiogopa Jumapili.

Hakuna anayekuambia mara ya mwisho ni ipi. Tulikuwa tumewaacha watatu wale mbele ya daraja la kamba, ndani kabisa ya mwamba, upande wa pili pana mwanga. Tukakubaliana kuendelea juma lijalo. Juma lile mwalimu akapata barua ya uhamisho kwenda shule ya mbali, kaskazini, na alikuja kuniaga na kitabu cha kanuni kilichofunikwa upya kwa karatasi ya kaki. Fundi alijaribu kuja mara mbili, kisha akapata nafasi kwenye duka kubwa la simu Kisumu. Alinitumia ujumbe: "Usiniue, nitarudi." Binti wa Mzee alikuja kutoka Jinja, akaona baba yake anavyopapasa ukuta kwenda chooni, akamfungia nguo zake, akaondoka naye siku ile ile. Nilikuwa kazini. Nilirudi nikakuta chumba kiko wazi kimefagiliwa, na kile kiti cha plastiki mlangoni pangu.

Chumba chake kilipangishwa na kijana mwenye televisheni. Nilijaribu kuwaalika makarani wawili wa ofisini. Walicheka dakika kumi, wakaniomba niwashe mpira. Nikalirudia daftari langu, lakini sasa nilishindwa kabisa. Nilipouliza "Unafanya nini?" nilijua nani atajibu, na sikutaka kumsikia. Jumapili nyingi nilitembea tu hadi kwenye lango la mpaka na kurudi, nikitazama malori yamejipanga, nikisalimiana na madereva wanaonijua kwa karatasi zao.

Mzee alinipigia baada ya miezi mitano. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Wale watu wako?" aliuliza. "Wamevuka daraja?"

Ingekuwa rahisi kusema wamevuka. "Hapana, Mzee. Hakuna mtu tena. Kila mmoja amekwenda kwake. Nimebaki mimi."

"Na mtu wangu?"

"Bado amesimama pale pale."

"Miezi tano yote amesimama?"

"Ndiyo."

"Sasa huyo atachoka. Mwambie arudi kwao. Ana shamba kule?"

"Sijui, Mzee. Ana shamba?"

Akafikiri. Ana shamba dogo, alisema, la muhogo, na nyumba imeezekwa vizuri. Nikamwuliza njia anayorudia, naye akaniambia, na nilimwuliza anapita wapi, analala wapi, anakutana na nani. Ilituchukua karibu saa nzima, mpaka binti yake akaja kuichukua simu. Tuliongea hivyo mara nne tano. Baadaye masikio nayo yakaanza kumsumbua. Nikipiga, binti yake hupokea, ananisalimia kwa adabu, anasema Mzee amelala, au anamfikishia salamu kwa kupaza sauti, na mimi husikia akiuliza, "Nani?"

Mwaka huu kuna mwanamke anayefanya kazi kwenye duka la dawa karibu na stendi. Aliona dadu kwenye meza yangu ofisini alipofuata karatasi za mzigo wa bosi wake, akauliza. Nilimweleza kwa kifupi, bila kubembeleza, maana nimejifunza kutotegemea. Alikuja. Tumekuwa wawili tangu mvua za kwanza, na wawili si meza, ni mazungumzo, lakini anauliza maswali mazuri na haogopi kushindwa. Kuna Jumapili hawezi kuja kwa sababu ya zamu, na siku hizo chumba hurudi kuwa kama kilivyokuwa.

Jumapili iliyopita alimleta dada yake mdogo, aliyesema atatazama tu. Viti vilikuwa viwili na kile cha plastiki. Alikaa kwenye kile cha plastiki karibu na mlango, mkoba mapajani, tayari kuondoka. Nilieleza mto, na njia, na watu waliokuwa wakisubiri kivuko. Nilimgeukia na yeye pia, nikamwuliza angefanya nini. Akasema hajui. Nikasubiri. Alimtazama dada yake, akaitazama dadu iliyo katikati ya meza, akaweka mkoba sakafuni.

"Kivuko ni cha nani?" aliuliza.